Ülkü: jarida la chama lililopata uhai vijijini

Likitajwa jarida la utamaduni linalolipiwa na serikali, wengi wetu hukumu tunayo tayari: hilo linampigia debe mkubwa, halina la kusoma. Naipinga hukumu hiyo, na mfano wangu ni Ülkü, jarida la Uturuki lililotoka kuanzia Februari 1933 hadi Agosti 1950. Debe lilipigwa humo, tena sana. Lakini katika kurasa hizohizo, na katika nyumba iliyolichapisha, ilifanyika kazi ambayo sidhani kama ingefanyika bila fedha za chama tawala, na kuitupa kwa sababu ya mfadhili wake ni dhuluma.

Mwaka 1931 chama cha wazalendo kilichoitwa Türk Ocakları kilivunjwa, na mali zake zikaenda kwa CHP, chama pekee kilichotawala chini ya Mustafa Kemal Atatürk, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uturuki. Februari 1932 zikafunguliwa Halkevleri, yaani nyumba za umma, 14 kwa kuanzia. Ndani yake kulikuwa na maktaba, maigizo, muziki, michezo, madarasa ya watu wazima na idara ya vijiji. Nyumba ya Ankara ndiyo iliyochapisha Ülkü. Herufi za Kilatini zilikuwa na miaka michache tu tangu zipitishwe kwa sheria ya Novemba 1928, na sensa ya 1927 ilikuwa imeonyesha kwamba anayejua kusoma ni kama mtu mmoja katika kumi. Kwa hiyo jarida lilimzungumzia sana mkulima, lakini wasomaji wake walikuwa walimu, madaktari na maofisa wa serikali.

Aliyelisimamia mwanzoni ni Recep Peker, katibu mkuu wa CHP, mtu wa nidhamu na amri. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kibovu cha jarida. Mapinduzi ya Atatürk yanafundishwa kama somo ambalo mwanafunzi haruhusiwi kuuliza swali. Kijiji kinaandikwa kama mgonjwa: kisafishwe, kielimishwe, kipewe mwamko. Sisi tuliokulia kwenye hotuba za chama lugha hiyo tunaitambua tangu sentensi ya kwanza.

Na mwanakijiji mwenyewe alipokewaje? Âşık Veysel, mshairi na mpiga saz, ala ya nyuzi, kutoka kijiji cha Sivrialan mkoani Sivas, alipofuka utotoni kwa ndui. Mwaka 1933, Jamhuri ilipotimiza miaka kumi, alitunga shairi la kuisifu, akatoka kwao kwa miguu na mwenzake kulipeleka Ankara, safari ya kama miezi mitatu katika baridi. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba walipofika, polisi waliwazuia wasiingie eneo la soko kwa sababu ya nguo zao za kishamba. Nalirudia tukio hili kila ninapobishana juu ya Ülkü, kwa sababu huo ndio mji ambamo makala za kumtukuza mkulima zilikuwa zikipigwa chapa mwaka huohuo.

Peker aliondolewa ukatibu mwaka 1936, na jarida likaenda kwa Fuad Köprülü, mwanahistoria aliyekwisha kujijengea jina kwa utafiti wake juu ya washairi wa Kisufi wa Kituruki. Hapo uzito ukahamia kwenye historia, fasihi na mila. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Halkevi (nyumba ya umma) ya Ankara ilimwalika Béla Bartók, mtunzi wa muziki kutoka Hungaria. Alitoa mihadhara, kisha akaenda upande wa Adana na Osmaniye pamoja na Ahmed Adnan Saygun, mtunzi wa muziki wa Kituruki, wakiwa na mashine ya kurekodia kwenye silinda za nta, kuwatafuta Wayörük, wafugaji wa kuhamahama. Mzee mmoja alipoanza kuimba, Bartók hakuyaamini masikio yake: wimbo ule ulifanana na nyimbo za kale za kwao Hungaria. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1934, redio ilikuwa imeacha, kwa agizo la serikali, kupiga muziki wa kale wa Kiosmani kwa kuonekana si wa kisasa. Dola hilohilo lilinyamazisha muziki mmoja na kugharamia kuokolewa kwa mwingine. Kabla ya kulihukumu jarida, tazama nani alikuwa ameshika kalamu.

Bora zaidi alikuwa Ahmet Kutsi Tecer, aliyeliongoza jarida kuanzia 1941. Ni yeye, akiwa afisa elimu Sivas mwaka 1931, aliyeandaa sherehe ya washairi wa vijijini ambako Veysel alijulikana kwa mara ya kwanza. Mtu aliyekaa chini kusikiliza huhariri kwa namna nyingine kabisa na mtu aliyezoea kuhutubia. Mashairi ya vijijini yakapewa heshima ya fasihi, na fasihi mpya nayo ikapata nafasi: riwaya ya Ahmet Hamdi Tanpınar, Mahur Beste, ilitoka humo kwa mfululizo mwaka 1944, miaka zaidi ya 30 kabla haijawa kitabu.

Siwezi kulisifu nikafumba macho. “Umma” wa jarida hili ulikuwa na mipaka. Utamaduni wa Anatolia, sehemu ya Uturuki iliyoko Asia, ulihesabiwa kuwa wa Kituruki mtupu, wakati mamilioni ya wakazi wake walizungumza Kikurdi, lugha ambayo dola haikutaka hata kuitambua. Kwangu hilo ni doa kubwa kuliko hotuba zote za Peker, kwa sababu hotuba mtu anaweza kuziruka, lakini wimbo ambao hakuna aliyeukusanya hauna pa kusomwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Mei 1950. CHP ilishindwa na chama cha Demokrat, na mwezi Agosti Ülkü likakoma. Agosti 1951 bunge likapitisha sheria iliyofunga Halkevleri zote, 478, pamoja na vyumba vidogo vya umma zaidi ya 4,000, na mali zao zikarudishwa hazina. Miongoni mwa waanzilishi wanne wa Demokrat alikuwa Fuad Köprülü, na wakati sheria hiyo inapita alikuwa waziri wa mambo ya nje.

Washindi walikuwa na hoja ya haki: haifai chama kimoja kumiliki maktaba za nchi nzima. Lakini dawa ilikuwa kuzitoa mikononi mwa chama, zipewe mabaraza ya miji au vyuo, na jarida lipewe bodi isiyo ya chama. Köprülü alilihariri kwa miaka mitano, akaona mwenyewe kwamba linaweza kuwa kitu zaidi ya tarumbeta ya CHP. Ndiyo maana namlaumu yeye kuliko wenzake.