Mkasi Umegoma

Mtaa mzima hapa Chikongola, Mtwara, wananiita fundi muongo. Njoo kesho, njoo Ijumaa. Sawa, naongopa. Lakini safari hii sikilizeni kwanza.

Malipo ya korosho yakiingia tu, kibanda changu hakina pa kukanyaga. Kila mmoja kaja na kitambaa chake "cha Italia". Mimi navuta uzi mmoja pembeni, nauwashia kiberiti. Unajikunja, unaacha kidonge cheusi kigumu, na harufu ni ya ndoo iliyoungua. Kaka, Italia gani hii? Ananuna! Anataka suti ya harusi, na kizibao ndani yake, kwa joto hili la Desemba la Mtwara. Jasho likikosa pa kutokea, lawama kwa fundi.

Basi juzi akaja mzee mmoja mstaafu kutoka Mikindani, na furushi la gazeti linalonuka naftalini. Shikamoo. Marahaba. Akafungua, nikasahau hata kumpa kiti.

Sufu. Sufu yenyewe! Nikakifinya kitambaa kiganjani kwa nguvu, nikakiachia: kikajinyoosha chenyewe, kunyanzi hakuna. Nikakiinua kwenye mwanga: nyuzi za mtande, za urefu, na za mshindio, za upana, zimepangana kama safu za swala ya Idi. Nikachoma uzi: ukanuka nywele, ukazimika wenyewe, majivu yakasagika vidoleni. Kitambaa laini namna hii, manyoya ya kondoo yanachanwa kwanza, mafupi yanatupwa kando, marefu yanalazwa upande mmoja ndipo yasokotwe. Mimi mwenyewe sijawahi kuchanwa hivyo, hata siku ya ndoa yangu.

Nikapima: mita tatu na nusu. Suti kamili, na akiba ya pindo.

"Nikukatie suti ya vifungo viwili, mzee wangu?"

"Suti niende nayo wapi? Nishonee kaptula za wajukuu. Kikibaki, kifuniko cha redio."

Kifuniko cha redio! Kule Kilwa Kisiwani watu walisokota na kufuma pamba karne na karne, mpaka leo wachimbuaji wa mambo ya kale wanaokota vile vigurudumu vyao vya kusokotea. Wangesikia hayo, wangefufuka.

Mara nne nimeshika mkasi. Mara nne nimechora chaki, nikafuta. Usiku nakifunika kwa kanga ya mke wangu, naye kaanza kuuliza maswali.

Jana mzee karudi. Nikamwambia umeme umekatika tangu asubuhi.

Akaitazama cherehani yangu. Ya kukanyaga.