Mteja mwenye bunduki: nani atamdai?

Tulikuwa watu wanne kwenye nganda moja, baa ndogo ya mtaani, katika mtaa wa Katuba, Lubumbashi, hapa Kongo, jioni, viti vya plastiki chini ya mwembe. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nane, na mama mwenye nganda alikuwa amezilaza chupa kwenye beseni la barafu na kuzifunika gunia. Akaingia polisi mmoja, sare imefifia mabegani, akasalimia vizuri, akaomba bia moja ya Simba. Kabla ya kukaa aliegemeza bunduki yake, kalashi, ukutani, pembeni ya ndoo ya kuoshea glasi. Mtoto wa mama, wa miaka sita hivi, alikuwa pale chini akipanga vifuniko vya chupa kama msururu wa magari. Hakulia, hakumtazama mtu. Alikusanya vifuniko vyake kimoja kimoja, akahamia upande wa pili wa mwembe.

Chupa mbili baadaye polisi akainuka.

"Mama, utaandika. Mwisho wa mwezi."

"Haina neno, Shefu," mama akajibu, akafungua daftari.

Wiki hiyohiyo mezani petu tulikuwa tunabishana kuhusu habari za Marekani. Kule swali la mwenye biashara kumkataa polisi mwenye silaha si geni. Mwaka 2018 mgahawa mmoja wa kahawa wa Oakland, unaomilikiwa na wafanyakazi wake, ulikataa kumhudumia sajini wa polisi na ukashikilia msimamo wake. Tarehe 4 Julai 2019, huko Tempe, Arizona, polisi sita waliambiwa ndani ya mgahawa wa kahawa wa Starbucks wasogee au watoke, kwa sababu mteja mmoja alisema hajisikii salama. Kampuni ikaomba radhi. Desemba 2021, San Francisco, mgahawa wa Hilda and Jesse uliwatoa polisi watatu waliokwisha kuketi, ukasema wafanyakazi wanaziogopa silaha zao, na siku chache baadaye nao ukaomba msamaha. Kisheria hakuna aliyeshitakika kirahisi: sheria yao ya haki za raia ya 1964 inakataza kumkataa mteja kwa sababu ya rangi, dini au asili ya taifa lake. Kazi ya mtu haimo katika orodha hiyo.

Watu wa kwetu wakisikia hivyo hucheka kwanza. Kumfukuza polisi! Jaribu hapa Lubumbashi uone. Wakimaliza kucheka wengine hukasirika: polisi naye ana njaa, naye ni mtoto wa mtu, mbona umfanye kama mwizi? Nadhani wote wawili hawajamwelewa mwenye nganda. Yule mama wa Katuba hachukii sare. Kaka yake mwenyewe ni polisi Likasi. Wala hofu yake haifanani na ya San Francisco, ya mtu asiyetaka tu kuiona silaha anapokula. Yeye silaha ameziona za kutosha. Anachoogopa ni daftari.

Biashara ndogo ya mji huu inaendeshwa kwa mkopo zaidi ya pesa taslimu. Mwalimu hunywa leo na kulipa mshahara ukitoka, fundi hulipa kazi ikipatikana. Na kila jina katika daftari lina njia yake ya kudaiwa. Mwalimu unamngoja mlangoni mwa kanisa Jumapili. Fundi unamtumia mke wake salamu katika soko la Kenya, mtaa wa mji huuhuu, salamu zenye uzito. Dereva wa teksi unamsimamisha kituoni mbele ya abiria, anaona haya, analipa. Mama alinionyesha ukurasa wake. Kulikuwa na Mwalimu, Papa Jeanne, Fundi Redio. Kisha "Shefu", "Shefu mrefu", "Shefu wa miwani". Majina hakuna. Amewahi kuuliza jina mara moja, akajibiwa kwa kucheka: "Unataka la nini, Mama?" Hakuuliza tena.

Hesabu yake alinifanyia kwa kidole juu ya meza yenye maji. Kreti ina chupa 12. Ukitoa bei ya depo, pikipiki ya kuileta na barafu, faida yake kwa kreti nzima ni kama bei ya chupa mbili. Shefu mmoja akinywa mbili za kuandikwa, basi zile kumi nyingine zimeuzwa bure: mama amekesha, ameosha glasi, amevumilia walevi, na asubuhi hana cha ziada. Mashefu wawili jioni moja, anaingia kwenye mtaji. Na mtaji ukiliwa haurudi kwa kulalamika. Unarudi kwa kupunguza samaki kwenye sahani ya mwalimu, kwa kuongeza bei ya fundi. Kwa hiyo anayemlipia polisi bia yake ni sisi tuliokaa meza ya jirani, tunaosema kwamba kumkataa ni kukosa adabu.

Utaniambia: tatizo ni mshahara, si bunduki. Ni kweli kiasi. Machi 2025, baada ya miji ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, ilitangazwa kwamba mishahara ya wanajeshi na polisi inaongezwa mara mbili, na hakuna mtu wa akili atakayesema hawakustahili. Lakini fundi naye ni maskini, na deni lake linalipwa. Tofauti kati ya fundi na Shefu haiko mfukoni. Iko pale ukutani, karibu na ndoo. Polisi huyo hakuwahi kumtishia mama, hakupandisha sauti, labda hata hakuwaza kwamba anaiba. Hakuhitaji kuwaza. Silaha ikiwepo, neno "nilipe" linakwama kooni lenyewe.

Na akitaka kulalamika, aende wapi? Kifungu cha 156 cha Katiba yetu ya 2006 kinaweka makosa ya wanajeshi na polisi mikononi mwa mahakama za kijeshi. Mama wa chupa mbili, na daftari lake lenye "Shefu wa miwani", akaanze safari ya kwenda kwa mwendesha mashtaka wa jeshi? Nauli tu ni chupa ya tatu.

Kuna jambo lingine ambalo watetezi wa polisi hawalitaji. Wenye biashara wakubwa wa mji huu hawamkatai polisi mwenye bunduki, wanamtafuta. Walinzi wa kampuni binafsi hawaruhusiwi kubeba silaha za moto nchini Kongo, ndiyo maana mbele ya benki na maduka makubwa utaona mlinzi wa kampuni na kirungu chake, na pembeni yake polisi na kalashi yake. Yupo pale kwa mpango, mwenye duka anajua anatoka wapi na nani wa kumpigia simu akikosea. Tajiri anainunua bunduki ikae mlangoni. Kwa maskini bunduki inajiingiza yenyewe, inakaa mezani, na inakunywa.

Sasa upande wa polisi, maana upo, na hoja yao moja imenisumbua kweli. Msemo wa "tunakataa silaha, hatumkatai mtu" ni mtamu, lakini silaha hiyo aiache wapi? Hana sanduku la chuma, hana gari. Amwachie mtoto wa vifuniko? Sheria ya adhabu ya kijeshi ya 2002 inamwadhibu anayetapanya silaha au risasi, na bunduki iliyopotea usiku Katuba inajulikana itakakoonekana tena: mkononi mwa wale wanaovunja nyumba saa nane za usiku. Hata Marekani hoja ilikuwa hiyohiyo: polisi wa zamu hawezi kuacha bastola yake kwenye kapu la miavuli. Kwa hiyo ukisema silaha ibaki nje, umemwambia mtu abaki nje. Tuseme hivyo waziwazi, tusijifiche.

Na usiku wa mji huu unamhitaji. Aliyekuwa hapa tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Mai-Mai Kata Katanga, wanaotaka Katanga ijitenge, walipoingia hadi katikati ya mji, au tarehe 14 Februari 2021, kambi za jeshi za Kibati na Kimbembe ziliposhambuliwa, hawezi kusema polisi ni mapambo. Doria ikijua kwamba mtaa fulani haumpi hata maji, itaupita mtaa huo polepole au mbio? Hilo ni swali la haki. Ila nalisikia pia kwa sikio la pili: maana yake ni kwamba ulinzi unalipwa kwa bia. Kifungu cha 183 cha Katiba kinasema polisi inalitumikia taifa na hakuna anayeweza kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Chupa ya mkopo usiolipwa, hata kama ndogo, ni kuigeuza.

Mimi nasimama hapa: mwenye nganda ana haki ya kukataa bunduki iketi kwake, na ana haki zaidi ya kukataa pombe na bunduki kwa mkono mmoja. Chakula cha kubeba, maji, kadi ya simu, amuuzie kama mteja yeyote, pesa mkononi. Wakubwa wa polisi wangeweza kumsaidia kwa jambo dogo sana: jina kifuani linalosomeka, ili "Shefu wa miwani" apate kuwa mtu mwenye deni. Bango mlangoni silishauri. San Francisco bango linaleta waandishi wa habari; Katuba linaleta Shefu na wenzake.

Mama mwenyewe ameshapata njia yake, na mimi nimeiona siku tatu zilizopita. Polisi yuleyule alikuja, kalashi begani. Akaomba Simba.

"Imeisha, Shefu."

Akatazama meza yetu, chupa nne zinatoka jasho. "Na hizi?"

"Hawa walikuja nazo."

Tukatazama chini sote wanne. Yeye akatulia kidogo, nadhani alielewa. Akaomba pakiti ya maji, akatoa noti ya franka mia tano, akanywa amesimama, bunduki ikiwa bado begani. Mama akamrudishia chenji, akaihesabu mbele yake.