Köln wanashuka treni wanatembea, sisi Dar tunashuka tunakimbia

Juzi treni yangu ilichelewa karibu lisaa lizima pale Köln na sikununa hata kidogo. Ndiyo, treni za Ujerumani zinachelewa, tena sana tu, wale mnaosifia saa za Wajerumani vijiweni hamjawahi kusimama platifomu na baridi la Novemba. Ila pale stesheni kuna mashine ya mizigo, unalipia, kimlango kinafunguka, unatupia begi ndani, linamezwa chini kwa chini huko, unabaki na kikadi mfukoni na mikono mitupu.

Ukitoka nje tu, kanisa hili hapa. Dom lenyewe, mita 157 kwenda juu, mawe yamekuwa meusi kama sufuria la msibani. Walianza kujenga 1248 wakaja kumaliza 1880, kwa hiyo mnaolalamikia ujenzi wa mwendokasi jifarijini hapo. Mwenye magoti mazima anapanda ngazi 533 za mnara, mimi nilienda zangu daraja la Hohenzollern, wapenzi wamefunga makufuli kwenye wavu mpaka wavu wenyewe huuoni, na treni zinapita ubavuni kwako hapohapo.

Sasa kinachoniuma ni kwamba sisi stesheni yetu iko mjini kabisa. SGR, reli yetu mpya, imewekwa jirani na stesheni ya zamani ya reli ya kati, haikupelekwa nje ya mji kama wenzetu Nairobi wanaoshushwa Syokimau (watani msinune). Ukishuka unaifuata Sokoine Drive kwa miguu, bandari upande wa kulia, unapita jengo la Old Boma la tangu enzi za Sultan Majid miaka ya 1860, unapita kanisa la Mtakatifu Joseph, unafika kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu, ukikunja kwenda mtaa wa Samora unaikuta sanamu ya Askari imesimama pale tangu 1927. Yote hayo bila hata bajaji. Jasho litakutoka, ni Dar.

Nani anafanya hivyo lakini? Treni ikisimama tu kila mtu mbio, mjomba yuko nje kashawasha gari, boda anavuta begi lako "bosi wapi, bosi wapi", simu umeichomeka kwenye soksi. Nilimwambia shangazi nataka tuzungukezunguke mjini akaniangalia vile, "kuna nini huko mjini?" Na amezaliwa Ilala huyo.

Najua kuna mtu hapa keshaanza, "umeosha vyombo Ulaya kidogo tu unatuletea ujuaji". Sikiliza kaka, hiyo stesheni ya Köln usiku ina walevi, kona zinanuka mkojo, na choo unalipia. SGR yetu ya umeme, kilomita 160 kwa saa, ni safi kuliko kitreni ninachopanda kwenda kazini kila siku, na video zake nimewaonyesha wenzangu huku mpaka wamenichoka, utadhani nimeijenga mimi. Kwa hiyo sijadharau kwetu, nina hasira kwa sababu tunavyo halafu tunavipita kama nguzo za umeme.

Mwingine atasema wizi. Kweli upo, ndo maana nasema mtu apate pa kuacha begi kwanza, mgeni mwenye begi mgongoni haendi popote. Tukiweka na ramani kubwa ukutani, miti miwili mitatu ya kivuli njiani, na mzee anayeijua Dar ya zamani awe anawatembeza watu kwa malipo, mbona watalii wangelala hata usiku mmoja mjini badala ya kukimbilia boti ya Zanzibar.

Eti joto. Joto hilohilo ambalo saa saba mchana mnazunguka nalo Kariakoo nzima mkitafuta pazia la bei chee?