Kulungu Aliyenusa Udi

Nguo za kuwindia hufuliwa kwa sabuni isiyo na manukato, hukaushwa nje, kisha hufungiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mpaka shambani. Zangu zilipita hatua zote hizo. Saa nane mchana, bondeni huko kusini-magharibi mwa Wisconsin, nikafunua ndoo kando ya gari, ukanipokea udi. Nikampigia mke wangu. Simu ikapokelewa na mama yake, mgeni wetu kutoka Mombasa.

“Mwanangu, nguo zilikuwa hazinukii hata kidogo! Nimezifukiza vizuri, na soksi pia.”

Novemba jua huzama huko mnamo saa kumi na nusu, kwa hiyo kurudi nyumbani ilikuwa basi tena. Nikavaa, na juu yake fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, maana sheria inataka wawindaji wenzangu wanione. Kulungu rangi hiyo haimshtui. Yeye shughuli yake ni pua.

Ukweli ni kwamba sabuni hupunguza harufu tu, haiimalizi. Kinachokuficha ni upepo. Siku hiyo ulivuma kutoka kaskazini-magharibi: kutoka msituni walikolala kulungu, kukatiza shamba la mahindi yaliyovunwa, hadi kwenye ngazi yenye kiti ambayo mwenye shamba aliiegemeza mtini, chini ya kilima. Nikapanda, nikaachia uzi wa sufi ya milkweed, mmea wa porini wenye mbegu za nyuzi laini. Unga wa kupimia upepo hupotea hatua mbili tu kutoka mkononi, lakini sufi huelea mbali na kukuonyesha hewa inapogeukia. Ikapita begani, ikapanda kilima nyuma yangu. Salama.

Saa kumi wakatoka majike watatu, wakaanza kuokota punje zilizobaki. Dume akasimama ukingoni mwa msitu, nusu ndani nusu nje. Dume mkubwa hutanguliza wenzake.

Jua likaenda nyuma ya kilima, upepo ukalala. Hapo ndipo bonde huwa na hila: ardhi ikipoa, hewa baridi huwa nzito, hushuka mteremkoni na kujikusanya chini. Nikaachia sufi nyingine. Ikasita, ikageuka, ikaelekea kwa majike kwa mwendo wa bi harusi.

Jike mkubwa akainua kichwa, akairamba pua yake ili anuse vizuri, akapiga kwato chini mara mbili. Harufu ya mtu anaijua. Mtu aliyefukizwa, sidhani. Badala ya kukimbia akasogea hatua tatu, shingo mbele, anachunguza. Kisha akapuliza puani kwa kishindo, mikia myeupe ikasimama, shamba likabaki tupu. Dume hata sikuona alikopitia.

Mwenye shamba alipokuja na tochi nikamwonyesha pa kuihamishia ngazi: mwisho wa chini wa bonde, kando ya kijito, ambako hewa ya jioni ingeibeba harufu kufuata maji, mbali na mahindi. Akakubali. Kisha akanisogelea, akavuta pumzi.

“Pole sana,” akasema. “Misa ilikuwa ya nani?”