"Nzuri Sana" Haimsaidii Mwandishi

Dada mmoja kwenye kikundi chetu cha uandishi alisoma hadithi yake wiki iliyopita, sauti ikimtetemeka ukurasa mzima wa kwanza. Tukapiga makofi. Maoni yakazunguka: "Nzuri sana." "Hongera, una kipaji." "Sina la kuongeza." Akaitwa msomaji mwingine. Kalamu aliyoishika dada yule tayari kuandika tutakayosema hakuitumia.

Kilichoniudhi kilitokea baadaye, wakati wa kuagana. Watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia wamepotea pale katikati, msimulizi anapoacha kusema "mimi" na ghafla anakuwa "yeye". Maoni walikuwa nayo! Wakampa kila mtu isipokuwa mwenye hadithi.

Maoni yale yalikuwa haki yake. Mtu akishaandika rasimu anaweza kuihariri peke yake, akafuta, akapanga upya aya, akasahihisha tahajia. Kitu kimoja hawezi: kuisoma kama mtu asiyejua alichokusudia. Kichwa chake kinajaza kila pengo. Anajua mjomba ametokea wapi, anajua kwa nini mlango uliachwa wazi, kwa hiyo haoni kwamba ukurasani havipo. Sisi tuliozunguka meza ndio pekee tusiojua, na kutojua kwetu ndicho kitu alichokuja kukifuata. Tukimwambia "nzuri sana" tumemnyima hicho hicho, halafu tunaondoka tukiamini tumekuwa wema.

Wengi husingizia kwamba wao si wahakiki, hawakusomea fasihi. Hakuna anayehitaji shahada kusema "hapa nilirudia kusoma mara mbili". Au "huyu mjomba simfahamu". Au "kwenye sentensi hii nilitaka kulia". Huo ni ushahidi wa msomaji juu ya kilichompata, na mwandishi hawezi kuubishia, maana umetokea. Hata sifa ikitolewa hivyo ina kazi: ukimwonyesha mtu mstari uliokushika, kesho anajua asiufute.

Kinyume chake kuna wale wa "mimi ningeandika hivi". Hao huichukua hadithi ya mwenzao, wakambadilisha mhusika, wakahamisha mwisho, na mwenyewe akabaki mgeni kwenye kazi yake. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mara nyingine pendekezo la namna hiyo hufungua njia. Lakini lisubiri liombwe.

Mbunifu wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, aliliwekea jambo hili utaratibu mwaka 1990, na waandishi tungefaidika kuuazima. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa. Pili msanii mwenyewe anauliza maswali yake. Tatu watazamaji wanamuuliza yeye, kwa maswali yasiyobeba hukumu. Maoni yanakuja mwisho, tena kwa ruhusa: "Nina maoni kuhusu mwisho wa kazi yako, ungependa kuyasikia?" Hatua ya tatu ndiyo ngumu. "Kwa nini umemaliza ghafla hivi?" ni hukumu iliyovaa nguo za swali. "Ulitaka msomaji abaki na nini mwishoni?" ni swali kweli, na mara nyingi mwandishi akianza kulijibu anajisikia mwenyewe akitaja kile ambacho hakukiandika.

Kuna pia ile kanuni ya mwandishi kukaa kimya wakati kazi yake inajadiliwa, iliyozoeleka katika warsha za Marekani, ikiwemo ile maarufu ya Chuo Kikuu cha Iowa iliyoanza mwaka 1936. Ina faida yake. Mwandishi hataketi pembeni ya kila msomaji kumfafanulia, basi na avumilie kusikia ukurasa ulivyosema bila yeye. Ila kimya cha mwanzo hadi mwisho sikikubali. Nimeona kikundi kikibishana kwa muda mrefu juu ya jambo ambalo mwenye kazi angelimaliza kwa sentensi moja, huku amebana midomo kwa kutii kanuni.

Kwenye mashairi tuna tatizo letu jingine: mtu anasoma beti zilizomtoka moyoni, na anachorudishiwa ni hesabu ya mizani tu. Mizani zihesabiwe, sikatai. Lakini aliyehesabu aseme pia amesikia nini. Na wanaosoma kazi zao wakaondoka kabla ya wenzao kusoma, hao nadhani wanajijua.

Zipo kazi ambazo hazikuletwa kuchambuliwa. Mtu aliyeleta shairi la kumlilia mzazi aliyezikwa majuzi hahitaji kuambiwa ubeti wa tatu unalegea. Ndiyo maana kila anayesoma aulizwe kabla hajafungua kinywa: leo unataka nini kwetu? Anayetaka kusikilizwa tu asikilizwe. Anayetaka kuambiwa ukweli aambiwe pale pale, mbele yake.

Ninachoomba kwenye kikundi chetu ni kidogo. Kurasa zitufikie siku kadhaa kabla, maana maandishi yaliyosikika mara moja hupatiwa maoni ya juu juu. Kila mmoja aje ameweka alama sehemu mbili, moja iliyomshika na moja aliyopotea, azisome kwa sauti mwandishi akiwepo. Asiyekuja nazo, zamu yake ya kusoma isubiri mpaka aje nazo.