Nyumba ya mkulima Kent, nyumba ya babu Mji Mkongwe, na saruji tunayoituma

Vijiji vya Kent na Sussex, kusini mwa Uingereza, vina nyumba za wakulima zilizojengwa kwa miti na udongo tangu karne ya 15, na watu wanalala ndani yake mpaka leo. Wengi wetu tuliohamia huku tunazipita tukidhani zimedumu kwa ajili ya mbao ngumu au utajiri wa wenyewe. Maoni yangu ni kwamba zimedumu kwa sababu kuta zake zinaachwa zipumue, yaani unyevu unaoingia unaweza kutoka. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe Zanzibar na Lamu tunazizibia pumzi kwa saruji, na saruji hiyo mara nyingi inanunuliwa kwa pesa tunazotuma sisi wenyewe.

Chukua Bayleaf, nyumba ya mkulima iliyokuwa Chiddingstone, Kent. Ilifumuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kupisha bwawa la maji la Bough Beech, ikasimamishwa upya kwenye makumbusho ya Weald and Downland huko Singleton, Sussex Magharibi. Sehemu yake kongwe ni ya mwanzoni mwa karne ya 15. Upande wa vyumba vya mwenye nyumba ni wa mwanzoni mwa karne ya 16. Katikati kuna ukumbi ulio wazi toka sakafuni hadi kenchi. Moto uliwashwa chini, hakuna dohani, moshi ukajitafutia njia juu. Madirisha hayakuwa na vioo, ni vijiti vya mbao na vibao vya kufungia. Ncha mbili za nyumba zina ghorofa inayochomoza mbele, na kwa kuwa paa ni moja lililonyooka, mtambaapanya wa mbele (boriti inayobeba ukingo wa paa) unapita hewani kwenye ukumbi, umeshikwa na mbao zilizopinda. Ukiliona umbo hilo popote Kent, hata likiwa limefichwa na madirisha ya kisasa, jua unatazama nyumba ya mwishoni mwa Zama za Kati.

Nyingi za aina hiyo ziliwekewa dohani na ghorofa ukumbini kati ya karne ya 16 na 17. Ushahidi uko darini: panda utazame makombamoyo, yaani miti ya paa. Yakiwa meusi kwa masizi, ukumbi ulikuwa wazi hapo zamani. Ndiyo maana masizi hayo hayasuguliwi. Fundi anayeyasafisha ili mbao zipendeze amefuta cheti cha kuzaliwa cha nyumba.

Mti wa fremu ni mwaloni (oak), na ulichongwa ukiwa mbichi, maana ukikauka ni mgumu mno kwa patasi. Kila kiungo ni ulimi ndani ya tundu, na tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa likiwa limepishana milimita chache na lile la nguzo, ili kigingi kikigongwa kivute kiungo kibane. Seremala aliunganisha fremu kwanza chini, akachonga namba za Kirumi kwenye kila kiungo, akaifumua, kisha akaisimamisha mahali pake. Namba hizo zinasomeka mpaka leo. Kati ya nguzo wakasuka fito kwenye vijiti vya mwaloni na kukandika kwa udongo, majani makavu yaliyokatwa na kinyesi cha ng'ombe, watu wawili wakikandamiza kwa pamoja, mmoja kila upande. Mdigo au Mzaramo hahitaji kuelezwa kazi hiyo.

Sheria inazilinda nyumba hizi kwa ukali. Kuyaandika majengo kwenye orodha ya yanayolindwa kulianza kwa sheria ya 1947, na inayotumika sasa ni ya 1990. Kuna Daraja la I, la II* na la II, na zaidi ya 9 katika kila 10 ziko Daraja la II, zikiwemo nyumba za watu wa kawaida. Jengo la kabla ya 1700 lililobaki karibu na hali yake ya asili kwa kawaida linaingia kwenye orodha. Ulinzi unashika nje na ndani, ngazi, milango, hata banda la uani lililojengwa kabla ya Julai 1948. Ukibomoa au kubadilisha bila kibali ni jinai: faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miaka miwili, na anayenunua nyumba anaweza kuamriwa kurekebisha makosa ya aliyemtangulia. Lakini sheria ya kodi ya nchi hiyo hiyo ina doa moja baya: ukarabati unatozwa VAT ya asilimia 20 huku nyumba mpya ya kuishi ikitozwa sifuri. Anayetunza analipa, anayejenga upya anaachiwa. Hilo tusiliige.

Na Waingereza wenyewe walikosea sana kabla ya kujifunza. Katika karne ya 20 walizipiga nyingi lipu ya saruji, na madhara yake yanajulikana hatua kwa hatua. Mwaloni hutanuka na kusinyaa kwa majira, saruji haifuati, basi ufa mwembamba hutokea pale lipu inapokutana na nguzo. Mvua ya upepo inaingia humo, inateremka nyuma ya lipu mpaka boriti ya chini inayokalia msingi, na haina pa kutokea. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ikizidi hapo na kukaa hivyo, kuvu inaanza, na nyuma ya kuvu wanakuja mbawakawa waitwao Xestobium rufovillosum, ambao mabuu yao hutoboa mwaloni uliolainika kwa miaka. Wakati wote huo nje lipu ni nyeupe, inapendeza. Gonga kwa kidole: ikilia uwazi, imeachia ukuta. Choma boriti ya chini kwa bisibisi: ikizama, imeoza.

Sumu ya wadudu haitibu nyumba yenye maji. Wanaojua kazi wanaanza na mifereji ya paa, kisha wanashusha udongo wa nje mpaka uwe sentimita 15 au zaidi chini ya boriti (bila kuchimba mtaro wa kina kirefu kando ya ukuta, kwani misingi hii ni ya kina kifupi). Saruji inatolewa kwa nyundo na patasi, si mashine, na ukuta unaachwa ukauke, pengine miezi mingi. Hapo ndipo mbao iliyooza inakatwa hadi penye uzima na kuungwa mwaloni mpya kwa mkato wa mshazari. Lipu ni chokaa iliyoloweka kwa miezi, sehemu 1 kwa mchanga 3, pamoja na nywele za mbuzi, kila tabaka lisizidi kama milimita 10, na kazi haifanywi baridi ikishuka chini ya nyuzi 5.

Sasa tazama kwetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu 2001. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda majengo ya kabla ya 1863. Kwa hiyo maandishi tunayo. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, nene, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi. Ncha za boriti zimezama ukutani, na juu yake kuna sakafu nzito ya mawe na chokaa. Ukuta ukipigwa saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, lipu inabanduka, ncha zinaoza, na siku moja sakafu inashuka. Choo kilichoongezwa ghorofani na bomba linalovuja vinaharakisha kazi hiyo.

Nasi tunatuma pesa na ujumbe mmoja: "Pigeni lipu, pakeni rangi, nyumba ionekane." Ndugu zangu, badilisheni agizo. Awamu ya kwanza ya pesa iwe ya paa na mifereji tu, na picha zitumwe mvua za masika zikinyesha. Ya pili mabomba na vyoo. Ya tatu kubandua saruji, kukagua kila ncha ya boriti kwa bisibisi na kubadilisha zilizooza, kisha ukuta ukauke. Lipu iwe ya mwisho: chokaa kwa mchanga wa nchi kavu, kamwe si wa pwani kwa sababu ya chumvi, tabaka nyembamba, na magunia mabichi juu yake ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Mpeni kazi mwashi mzee anayejua chokaa, mumlipie na kijana wa kujifunza kwake, na fundi akisema ataongeza "saruji kidogo tu ishike haraka", zuieni malipo ya awamu hiyo.