Rudisheni Benchi la Shosho

Jumapili mbili zilizopita nilitoka kanisani bila kumsalimia mchungaji mlangoni, na wanaonijua wanajua hiyo si kawaida yangu.

Kuna shosho (bibi mzee) mmoja hapa kwetu Eastlands, Nairobi, ambaye benchi la mbele, upande wa kulia, ni lake tangu tulipokuwa tukisali kwenye hema. Si maringo. Sikio lake moja limekufa na spika iko upande ule. Sasa siku hiyo, tukiwa wimbo wa pili, kijana wa kupokea wageni akamwinamia: "Shosho, samahani, songa nyuma kidogo, tuna wageni." Akakusanya leso, Biblia na bakora, akaenda kukaa karibu na mlango, kwa akina mama wenye watoto wachanga. Mheshimiwa aliingia dakika 40 baadaye. Dakika 40 benchi tupu, na shosho huko nyuma anakinga mkono sikioni.

Mahubiri yakakatizwa (ndiyo, mahubiri) ili kwaya impokee kwa vigelegele. Akapewa maikrofoni. Akasema hakuja kufanya siasa, kisha akafanya siasa nusu saa. Bahasha ikatolewa, picha zikapigwa. Mchungaji aliyetukemea majuzi kwa kushika simu ibadani anatabasamu kwenye picha zote.

Msinianzie na hoja kwamba kanisa linahitaji pesa za jengo. Najua. Mabati hayanunuliwi kwa haleluya, na sisi washirika tukiona namba ya paybill ukutani tunakumbuka ghafla kuwa M-Pesa iko na shida ya mtandao. Haya, nimekubali.

Lakini kinachoniuma si bahasha, ni benchi. Bahasha hurudishwa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais Ruto aliipa parokia ya Soweto kule Kayole, na mbingu haikuanguka. Waanglikana waliwafungia wanasiasa mimbari tangu 2021. Hata vijana walishachoka: Machi 2025, Rais alipotoa milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, Jumapili iliyofuata waliandamana huko na polisi wakawarushia vitoa machozi. Kwa hiyo nani anasema haiwezekani kukataa bahasha?

Shosho sasa, utamrudisha kwa barua gani? Huyu alikuwa akifungua pindo la leso kila Jumapili, anatoa sarafu za shilingi ishirini, wakati tunanunua mawe ya msingi. Mheshimiwa siku hizo hakujua hata stejini pa kushukia. Ukimnyanyua mama huyo mbele ya watoto wa shule ya Jumapili, umewafundisha nani mwenye nyumba na nani mpangaji, na somo hilo hawatalisahau kama wanavyosahau aya za kukariri. Yakobo aliliandika lote, sura ya pili, mwenye pete ya dhahabu anaelekezwa mahali pazuri na maskini anaambiwa simama pale. Tumelisoma, tumelipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha tumelitekeleza neno kwa neno, kana kwamba Yakobo alikuwa anaandikia kamati ya mapokezi!

Siku ya Saba Saba, yaani Julai 7, 1997, polisi waliingia kanisa la All Saints Cathedral, Nairobi, na rungu, wakawapiga waliokuwa wakidai mageuzi. Angalau wakati ule serikali ikiingia kanisani tulijua imekuja kufanya nini. Siku hizi tunaipangusia kiti.

Jumapili iliyopita nilifika mapema makusudi, nikalilinda lile benchi kama makanga anayemwekea rafiki kiti. Shosho akaingia, akanipita, akaenda moja kwa moja kule mlangoni. Nikamfuata.

"Shosho, kiti chako kiko."

"Hapana, mwanangu. Huku hakuna wa kuninyanyua."

Nikakaa naye, nikawa namrudia matangazo sikioni. Lilipofika la mwisho akanivuta shati: "Amesema nini?"

Ikabidi nipaze sauti, nusu ya kanisa ikageuka: "Anasema mheshimiwa atarudi mwezi ujao!"